Breki zinavuja: jinsi ya kutafuta chanzo na kubadilisha paipu kwenye gari la zamani

Jana jioni uliegesha gari likiwa zima. Leo asubuhi unataka kupeleka magunia ya mahindi sokoni. Unakanyaga breki kabla ya kuondoka, na pedeli inashuka mpaka karibu na sakafu. Unafungua boneti na kukuta kopo la mafuta ya breki limepungua. Wengi wetu hapo hufanya jambo moja tu: tunaongeza mafuta, tunapiga pedeli mara mbili tatu, inapanda, tunaondoka.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini kuongeza mafuta si matengenezo, namna ya kupata mahali panapovuja, na kazi ya kubadilisha paipu inavyotakiwa kufanywa. Tumechukua mfano wa magari madogo na pikapu za Kijapani za miaka ya 1990, kama Toyota Corolla na Toyota Hilux, ambayo bado yanabeba watu na mizigo vijijini. Kama gari lako lina breki za ABS, sehemu ya kutafuta uvujaji inakuhusu, lakini utoaji wa upepo unaweza kuhitaji fundi mwenye kifaa cha kompyuta.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kama kopo linapungua na pedeli inashuka, gari halitembei. Mwite fundi aje gari lilipo. Usilivute kwa kamba, maana likifika mteremkoni litagonga gari linalolivuta. Livutwe kwa chuma kigumu, tena kwenye tambarare na taratibu, au lipakiwe kwenye lori.

Kwa nini gari linalovuja bado husimama

Ukikanyaga pedeli, unasukuma pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta. Masta husukuma mafuta ya breki kwenye paipu nyembamba za chuma zinazopita chini ya bodi. Mahali ambapo magurudumu hupanda, kushuka na kukata kona, paipu ya chuma huungana na mpira wa breki unaoweza kujikunja. Mwisho wa safari, mafuta husukuma pistoni ndogo. Kwenye diski, pistoni hiyo hubana pedi. Kwenye dramu, hutanua viatu vya breki.

Msukumo huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba. Ndani ya paipu ya breki, unapokanyaga kwa nguvu, msukumo unaweza kupita paundi 1,000. Paipu iliyoliwa na kutu inaweza kustahimili ukikanyaga polepole kijijini, kisha ikapasuka siku ile mtoto anapokatiza barabara na wewe unakanyaga kwa nguvu zako zote.

Magari haya yana masta yenye vyumba viwili, na kila chumba hulisha nusu ya breki. Kwenye pikapu nyingi, chumba kimoja ni cha magurudumu ya mbele na kingine cha nyuma. Kwenye magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, breki zimegawanywa kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia, mbele kulia na nyuma kushoto. Mpango huo umewekwa ili upande mmoja ukivuja, mwingine ukusaidie kusimama. Lakini ndio unaotudanganya. Gari linasimama, tunasema breki zipo. Kumbe tunaendesha kwa nusu iliyobaki, na nusu hiyo nayo ni ya umri ule ule.

Paipu huliwa wapi

Kutu huanzia nje. Hupenda kukaa chini ya vibanio vinavyoshika paipu kwenye bodi, juu ya ekseli ya nyuma, na popote tope linapoganda na kubaki na unyevu baada ya mvua. Magari ya pwani hupigwa na hewa ya chumvi. Mengine yameingia nchini yakiwa tayari na kutu, kwa sababu katika sehemu za Japani zenye theluji barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo huruka chini ya gari.

Sababu nyingine ni msuguano. Kibanio kikikatika, paipu hucheza na kusugua bodi au ekseli mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba. Mipira nayo huzeeka: hupasuka nyufa ndogo, huvimba, au huchanika pale inapogusa tairi gari likikata kona.

Kutafuta chanzo, hatua kwa hatua

Egesha gari pahali tambarare na pagumu. Weka vizuizi kwenye magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tumia vyuma maalumu vya kuegemezea gari au magogo mazito ya mti mgumu. Matofali na bloku za saruji hupasuka bila kukuonya.

1. Angalia kopo. Lina alama mbili, ya juu na ya chini. Mafuta yakishuka kidogo kwa miezi mingi, huenda pedi zimelika tu, maana pistoni zinavyotoka ndivyo mafuta yanavyozifuata. Yakishuka kwa siku au wiki, kuna mahali yanatoka.

2. Sikiliza mguu wako. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano, kisha ishike chini kwa nguvu kwa dakika moja. Ikikaa imara, ni dalili njema, ingawa haitoshi peke yake. Ikiwa laini kama unakanyaga sponji, kuna upepo ndani. Ikishuka taratibu huku umeishikilia, ama mafuta yanatoka nje, ama mipira iliyo ndani ya masta imechoka na mafuta yanarudi nyuma. Tofauti utaiona kwenye kopo: masta iliyochoka ndani inaweza kuzamisha pedeli bila mafuta kupungua. Usichanganye hilo na jambo la kawaida: ukiwasha injini huku umekanyaga, pedeli hushuka kidogo kisha husimama. Hicho ni kisaidizi cha breki kinaanza kazi.

3. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa chini ya gari, kuanzia mbele hadi nyuma. Mtu mmoja akanyage na kushikilia pedeli, mwingine aangalie matone yanaangukia wapi. Uvujaji mdogo unaweza kuhitaji usiku mzima.

4. Hakikisha ni mafuta ya breki. Wengine huyaita mafuta ya breki, wengine maji ya breki, lakini kimiminika hiki si mafuta ya petroli wala si maji. Kikiwa kipya ni cheupe kinachoona au njano hafifu; kikizeeka huwa kahawia. Dondosha matone kidogo kwenye kisosi chenye maji. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji. Oili ya injini, ya gia au ya usukani huelea juu. Maji matupu yanayodondoka upande wa mbele siku ya joto huwa ya kiyoyozi tu. Kisosi hicho kisirudi jikoni, kwa sababu mafuta ya breki ni sumu.

5. Fuata unyevu kuelekea juu na mbele. Tone huanguka mahali pa chini kabisa, na upepo wa safari huyarusha mafuta nyuma. Kwa hiyo panapodondoka si lazima pawe panapovuja. Futa eneo lote kwa kitambaa, toa tope kwa brashi, kisha mwambie mwenzako akanyage tena. Panapolowa kwanza ndipo penyewe.

Sehemu za kukagua ni hizi. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu: ukiona unyevu unateremka kutoka kwenye dramu, silinda ndogo ya gurudumu ndiyo inayovuja, na viatu vya breki vilivyolowa vibadilishwe pia. Pinda mipira kidogo kwa mkono utafute nyufa. Pitisha kidole kwenye kila nati ya kiungo. Kagua paipu yote, hasa chini ya vibanio. Mwisho angalia nyuma ya masta, na ndani ya gari juu ya pedeli. Masta inaweza kuvujia ndani ya kisaidizi cha breki, na hapo kopo hupungua bila tone lolote kuonekana chini.

Baadhi ya magari yana klachi inayotumia kopo hilo hilo. Kama kwenye breki hakuna kitu, kagua na mfumo wa klachi.

Kubadilisha paipu

Paipu ya breki iliyotoboka haizibwi. Hubadilishwa. Na ukikuta imetoboka pahali pamoja kwa sababu ya kutu, piga brashi ya waya urefu wote uliobaki. Ikiwa kutu imechimba vishimo, sehemu hiyo ni tundu la mwezi ujao.

Paipu za magari mengi ya aina hii zina unene wa milimita 4.75 kwa nje, na nati zake nyingi hufunguliwa kwa spana namba 10. Hata hivyo nenda dukani na paipu ya zamani mkononi. Kama iko mbali na huwezi kuitoa kwanza, pima njia yake yote kwa kamba, pamoja na mikunjo, uongeze kidogo.

Nunua paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya breki: ya chuma kilichopakwa kinga ya kutu, au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo haipati kutu na hukunjika kwa urahisi. Paipu ya shaba tupu, ile ya mafriji, usiikubali. Mtikisiko wa barabara mbovu huifanya ngumu, kisha hupasuka.

Kabla ya kufungua, safisha nati kwa brashi, zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, ziache kwa saa kadhaa. Spana flati ya kawaida hula kona za nati hizi laini. Iliyo sahihi ni spana ya paipu, ambayo mdomo wake hukumbatia nati karibu pande zote. Ukishafungua, ziba miisho iliyobaki kwa vifuniko safi vya mpira au plastiki. Usizibe kwa tambara wala majani, maana uchafu mdogo tu huharibu masta.

Katika kutengeneza paipu mpya, haya manne ndiyo hukosewa zaidi:

- Nati huingizwa kabla ya kupanua mdomo wa paipu. Ukisahau, unakata na kuanza upya.
- Paipu hukatwa kwa kikata paipu, si kwa msumeno. Baada ya hapo ncha hulainishwa, na ndani hupulizwa mpaka isibaki chembe ya chuma.
- Mdomo hupanuliwa kwa kifaa chake na lazima ufanane na wa zamani. Magari ya Kijapani kwa kawaida hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, na mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa mviringo kama kitufe. Mdomo mmoja hauingii mahali pa mwingine bila kuvuja. Mdomo uliopanuliwa mara moja tu hupasuka.
- Paipu hupindwa kwa kuizungusha kwenye kitu cha duara. Ikivunjika mkunjo, itupwe.

Ipitishe njia ile ile ya zamani, mbali na ekzosi na vitu vinavyozunguka, na irudishiwe vibanio vyote. Nati zianzwe kwa vidole mizunguko kadhaa ndipo spana iguse. Nati iliyoingia upande huharibu masta nzima.

Mafuta ya breki huchubua rangi ya gari na huwasha macho. Yakimwagika, suuza kwa maji mengi papo hapo. Yaliyotolewa yawekwe kwenye chupa yenye alama, mbali na watoto na mifugo, wala yasimwagwe karibu na kisima.

Kutoa upepo

Paipu ikifunguliwa, upepo umeingia. Mafuta hayabonyei lakini upepo hubonyea, na ndiyo maana pedeli huwa laini. Kazi hii inataka watu wawili, chupa safi, na mpira mwembamba unaoona ndani.

Jaza kopo mafuta mapya. Chomeka mpira kwenye skrubu ndogo ya kutolea upepo iliyo nyuma ya gurudumu, na ncha nyingine izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Aliye ndani akanyage polepole na kushikilia. Aliye nje afungue skrubu robo mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka na pedeli itashuka. Skrubu ifungwe kwanza, ndipo mguu uachie. Pedeli ikiachiwa mapema, upepo unavutwa ndani tena. Rudieni mpaka mapovu yaishe, huku mkiongeza mafuta kila baada ya mikanyago mitano hivi. Kopo likikauka, mmeanza upya.

Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, mpangilio unaofuatwa sana ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Pikapu nyingi zina valvu ya kupimia mzigo karibu na ekseli ya nyuma; kama ina skrubu ya upepo, isisahauliwe.

Jambo dogo lenye faida kubwa: kwenye masta ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isifike mwisho kabisa. Sehemu ya ndani isiyofikiwa na pistoni siku zote huwa na kutu, na mpira ukipita hapo huchanika.

Mafuta gani?

Soma kifuniko cha kopo. Mengi ya magari haya yameandikwa DOT 3, mengine DOT 4. Tofauti ni joto yanayostahimili. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, na DOT 4 chini ya 230. Lakini yote mawili hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, kiwango hushuka hadi 140 na 155. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo maana chupa iliyokaa wazi dukani haifai. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga au wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, breki hupata moto mkali. Mafuta yenye maji yakichemka hutoa mvuke, na pedeli huenda chini papo hapo.

DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganywa zikihitajika. DOT 5, iliyotengenezwa kwa silikoni, isichanganywe nazo kabisa.

Mambo ya kukataa gereji

Kuna njia za mkato ambazo hutolewa kama msaada. Zikatae hata kama una haraka.

Kubana paipu kwa koleo au kuiziba kwa bolti, ili gurudumu linalovuja likose breki na mengine yafanye kazi. Gari litavuta upande mmoja ukikanyaga kwa nguvu, na kwenye tope au changarawe linaweza kugeuka.

Kuongeza oili ya injini, dizeli, maji au maji ya sabuni. Oili na dizeli huvimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo hutabadilisha tena paipu moja, bali masta, silinda, kalipa na mipira yote. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 na huleta kutu ndani.

Kuunga kwa gundi, kuchomelea, au kuvisha mpira wa petroli na kuufunga kwa klipu. Kumbuka ule msukumo wa paundi 1,000.

Kabla ya kurudi barabarani

Washa injini, kanyaga kwa nguvu zote kwa dakika moja, mwenzako akiangalia kila kiungo ulichogusa kikiwa kikavu. Pedeli ibaki juu na imara. Kisha jaribu gari tupu kwenye tambarare, mwendo wa kutembea kwa miguu, na hendibreki ikiwa tayari. Kagua tena kopo na viungo kesho yake, na tena baada ya wiki.

Breki zikikatika ukiwa njiani

Usizime injini. Usukani utakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga. Piga pedeli haraka haraka, huenda ikarudisha msukumo kidogo. Punguza gia moja baada ya nyingine. Vuta hendibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake, ili uweze kuilegeza magurudumu yakianza kuburuta. Piga honi, washa taa za hatari, na elekeza gari kwenye kipando, kingo ya udongo au vichaka, si kwenye watu.

Hifadhi kwenye simu yako

Maswali manne ya kumuuliza fundi, na hata dereva wa gari unalopanda ukiona kopo linaongezwa mafuta kila safari:

1. Panavuja wapi hasa? Nionyeshe.
2. Umebadilisha au umeziba?
3. Paipu ya zamani iko wapi? Nataka kuiona.
4. Umetoa upepo magurudumu yote, na kwa mafuta ya aina gani?

Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atakuonyesha.